Mama Ezekiel na wanaume wa herufi M

Saa kumi na moja na nusu jioni, jua la Nyarugusu limeshuka hadi usawa wa makarasha, na vumbi la mawe yaliyosagwa linaelea hewani bila haraka ya kutua. Mashine zimezimwa. Kimya kinachobaki baada ya karasha kuzimwa ni kimya kizito, na mtu asiyekizoea hudhani masikio yake yameziba.

Hosiana Bujiku, ambaye hapa wote humwita Mama Ezekiel, amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, miguu ameinyoosha, miwani ameifunga kwa uzi shingoni. Mbele yake kuna ubao mpana uliopigiliwa misumari. Kwenye misumari vinaning'inia vibao vidogo vilivyokatwa kutoka madumu ya njano ya mafuta ya kula, kila kimoja kikiwa na jina lililochorwa kwa msumari wa moto.

"Mabula!" anaita.

Mwanaume aliyetoka shimoni muda si mrefu, kope zikiwa nyeupe kwa vumbi, anajibu bila kugeuka: "Mvua iliezua paa, mama akajifungulia kwa jirani."

Hosiana anakitoa kibao upande wa kushoto wa ubao na kukitundika kulia. "Mabula!" anaita tena.

Anajibu mwingine: "Mvua ilikataa miezi mitatu. Ikaja siku niliyokuja mimi."

"Magembe!"

"Watu wote walikuwa wanalima. Bibi alinipokea mikono ina udongo."

"Maige!"

"Mimi nzige sijawaona. Babu ndiye alizaliwa nao, nimerithi jina lake."

"Mihayo!"

"Mahari ilikuwa haijakubaliwa. Maneno yalikuwa mengi."

"Na hadi leo hayajakwisha!" anadakia mtu wa nyuma, na wote wanacheka, Mihayo mwenyewe akiwa wa kwanza.

Mgeni anayepita njia ya chini kuelekea mialoni, wanakooshea dhahabu, anaweza kudhani hawa watu wanafanya maigizo. Sivyo. Hii ni kazi, na Hosiana, mwenye miaka 58, ameifanya kila jioni kwa miaka kumi na moja. Yeye ndiye mwandika majina wa duara hili, ambalo ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo lenye kina cha futi mia na ishirini. Kibao kikiwa kushoto, mwenye jina yuko ardhini. Kikiwa kulia, yuko juu na wenzake. Haondoki pale hadi upande wa kushoto uwe mtupu.

Ila siku hizi hauwi mtupu kabisa. Kibao kimoja kimebaki kushoto miaka saba. Hicho tutakifikia.

Wachimbaji wanaoshuka ni 43. Kati yao kumi na tisa majina yao yanaanza na herufi M, na katika ubao wa Hosiana herufi hiyo peke yake imekula safu mbili za misumari. Herufi D ina watu watatu. Herufi Z haina mtu.

"Wasukuma tukimpata mtoto wa kiume, tunatazama kwanza dunia siku hiyo ilikuwaje," anaeleza. "Mvua? Mabula, kwa sababu mvua kwetu ni mbula. Njia na kuzunguka? Mayunga. Matatizo? Makoye. Na kama kuna mkubwa wa ukoo anataka kurudi, basi tunampa jina lake na kisa chake kinakuja nacho. Ndiyo maana hawa wanangu wa herufi M ukiwapanga, umepanga hali ya hewa ya Usukumani kote."

Anazungumza polepole, macho kwenye ubao. Mwandishi wa makala haya amewahi kuwahoji mapadri wasio na utulivu wa namna hiyo.

Hosiana si mwenyeji wa Geita. Alizaliwa Songwa, wilayani Kishapu, ng'ambo ya mashamba ya pamba, karibu na Mwadui kwenye almasi. Kwao almasi zilikuwa jambo la jirani. Wao walilima pamba na mtama. Kusoma alifundishwa na katekista, akaishia darasa la saba. Aliolewa Ushirombo, akazaa watoto wanne, akafiwa na mume, na mwaka 2009 akaja Nyarugusu na sufuria mbili kuwapikia wachimbaji.

"Nilikuwa mama lishe. Denis, mwenye duara, akaniona naandika madeni ya wali kwenye mlango kwa mkaa. Akasema, mama, mwandiko wako unasomeka, halafu wewe hunywi. Njoo uandike watu."

Malipo yake ni mfuko mmoja wa mawe kila mgao. Duara likitema dhahabu, mfuko huo humlipia mjukuu ada na bati mbili tatu za nyumba yake. Lisipotema, anasema, "nakula maneno ya Mihayo."

*

Zamani watu hawakuitikia hivi. Hosiana aliita, mtu akajibu "Nipo", kibao kikahama. Dakika tano, kazi imekwisha, kila mmoja anakwenda kuoga.

Na kama ilivyo kwa watu wanaopendana, waliitikiana. Fulani ametangulia kuoga, rafiki yake anamjibia. Fulani ana koo kavu, mwenzake anamsaidia. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa ni heshima ndogo ya kazi, kama kumshikia mtu jembe akifunga kiatu.

Jioni moja ya Desemba, miaka saba iliyopita, Hosiana aliita: "Masalu!"

"Nipo!" alijibu Damian, rafiki yake.

Kibao kikahamia kulia. Kauntabuku ikafungwa. Kamba ikavutwa juu, watu wakatawanyika.

Masalu alikuwa bado chini. Mti wa kushikilia ukuta ulikuwa umeanguka kwenye mguu wake, kwenye njia ya pembeni ambako wenzake hawakupita wakati wa kutoka. Alikaa humo hadi saa kumi na mbili asubuhi, mkewe Lusia alipokuja duarani akiwa na kanga mabegani kuuliza kwa nini mumewe hakulala nyumbani.

Leo Masalu anatengeneza redio na simu kwenye kibanda karibu na soko la Nyarugusu. Mguu wake wa kulia haukunjiki, anauweka juu ya kiti cha pili. Ni mtu mpole, na anaendelea na kazi hata anaposimulia.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikakata," anasema. "Kisha nikasikia juu Mama Ezekiel anaanza kuita. Sauti yake inashuka vizuri sana shimoni, wewe hujui. Nikasema sasa wataona sipo. Nikasubiri zamu yangu. Akaita Masalu. Na nikasikia nimeitikia."

Anapuliza vumbi kwenye redio iliyofunguliwa tumbo.

"Nilisikia kabisa nimeitikia, nipo. Nikawaza, kama mimi nimeshatoka, huyu aliyelala hapa ni nani? Usiku kucha nilikuwa namwonea huruma huyo mtu."

Damian hakurudi kuchimba tena baada ya siku ile. Anavuta kamba juu, na hajawahi kukosa siku. "Nilimwitikia kwa mapenzi," anasema, na hapo hapo anatazama pembeni. "Nilijua ametangulia mtoni. Alikuwa ana tabia hiyo. Mapenzi yangu nusura yamzike."

Hosiana hakumlaumu Damian. Alijilaumu yeye aliyekihamisha kibao kwa mkono wake. Asubuhi ile ile, kabla hata machela haijaondoka, alikirudisha kibao cha Masalu kushoto na kuapa kwamba hatakigusa tena hadi Masalu mwenyewe aje aitikie. Masalu hajawahi kuja. Anasema miguu yake, mzima na mbovu, yote miwili inakataa njia ile.

Kesho yake baada ya ajali, Hosiana akatangaza sheria mpya. Kuanzia leo, akasema, hakuna "nipo". Kila mtu atajibu kwa kisa cha jina lake: nani alimpa, na siku ile kulikuwa na nini.

Walipiga kelele, bila shaka. "Mama Ezekiel, tumekuja kuchimba au kuandikishwa darasa la kwanza?" Mayunga, ambaye baba yake alikuwa safarini miezi saba wakati yeye anazaliwa, alisema jambo hilo ni la aibu na halimhusu mtu.

"Nikamwambia, wewe Mayunga, bora uone aibu juu kuliko usione kitu chini," anakumbuka Hosiana.

Lakini si mtu anaweza kukikariri kisa cha mwenzake? Mwandishi alimuuliza hivyo, akidhani amemshika. Hosiana akatabasamu.

"Anaweza. Ndiyo maana nikiona jicho linacheza, nauliza zaidi. Nani alikata kitovu? Bibi alikuwa anapika nini? Hapo ulimi unakuwa mzito. Mtu atakuibia kuku bila woga, lakini kuzaliwa kwako hawezi kukuibia, anaogopa."

Visa vyote ameviandika kwenye kauntabuku ya kava gumu, na kurasa za herufi M zimechakaa kuliko nyingine. Kuna Makoye, aliyezaliwa mwaka ambao ng'ombe wote wa boma walikufa. Kuna Maige, mrithi wa nzige. Mabula wako wawili, mmoja wa mvua mbaya na mwingine wa mvua njema. Mbele ya jina la Masalu hakuna kitu. Sheria ilikuja siku moja baada yake. Angeweza kumuuliza Masalu mwingine yeyote, na Usukumani hawakosekani, lakini hataki kisa cha mwingine.

Anasema majina hayo humfuata hata anapofumba macho. Katika usingizi huyaona yakitoka shimoni moja moja, yamelowa, yanajikung'uta, yanakwenda kukaa kivulini. Anayahesabu. Daima moja hupungua, naye huamka.

*

Mwezi Machi mwaka huu alikuja kijana wa miaka 27, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima sana, akaomba kazi ya kushuka. Jina? Mathias, akasema. Hosiana akachoma kibao, akakiweka kwenye safu ya M.

Jioni ya kwanza: "Mathias!"

"Jina la mtakatifu," akajibu kijana. Sawa. Wakristo wako wengi.

Jioni ya pili: "Mathias! Nani alikuchagulia?"

"Padri."

"Padri gani?"

Kijana akakohoa. Jioni ya tatu alipoitwa hakujibu kabisa. Alisimama tu, mikono ikining'inia. Watu walipoondoka akamfuata Hosiana kwenye ndoo yake, akachuchumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Mimi siitwi Mathias. Nilichagua linaloanza na M ili nikiitwa nisijisahau. Naitwa Maziku."

Kwa msomaji asiyejua Kisukuma, maziku ni mazishi. Ni jina la kawaida huko mashambani, la mtu aliyezaliwa siku za msiba. Lakini mdomoni mwa shimo la futi mia na ishirini si la kawaida hata kidogo. Kijana alikuwa ameshafukuzwa kwenye maduara mawili kwa sababu yake.

Kwa nini Hosiana hakumwacha abaki Mathias? Ndilo swali ambalo hata Denis, mwenye duara, alimuuliza. Jibu lake hajalibadilisha.

"Nikiita Mathias, ataitikia mtu wa karatasi. Mti ukimwangukia mguuni, atakayelala chini ni Maziku. Nimeshawahi kuitikiwa na mtu wa karatasi mimi. Sirudii."

Akachoma kibao kipya, akakitundika mchana kweupe. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imezunguka hadi kwa wauza chapati. Mihayo, ambaye kwa umri na kwa mdomo ndiye kiongozi wa wanaoshuka, alikuja kofia mkononi.

"Mama, kijana huyu mimi sina ugomvi naye," alisema. "Ila jina hilo likishuka, mimi nabaki. Huwezi kuita mazishi kila jioni juu ya shimo. Kamba yenyewe itasikia."

Wengine wakasimama nyuma yake, kumi, kisha ishirini. Denis akainua mikono. "Mimi ni Mkristo, siogopi jina," alisema, "lakini siwezi kuwashusha watu arobaini kwa fimbo." Kijana akahamishiwa kwenye karasha, kubeba mawe ya wengine kwa posho ya siku. Kwenye mgao, asiyeshuka hana fungu.

Lakini kilichomuumiza si posho. Hosiana aliligundua hilo alipomuuliza kama sheria inavyodai: nani alikupa jina hili, na siku ile kulikuwa na nini?

"Sijui," alijibu Maziku. "Mama alikufa nikiwa na miaka mitatu. Baba alinipeleka kwa mjomba, Bukombe, naye hakurudi. Nyumbani kwa mjomba hakuna aliyetaka kusema. Nimekua nikijua kwamba kuna mtu alikufa ili mimi nizaliwe. Labda watu hawa wana haki. Labda mimi ni wa kukaa mbali na mashimo."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na Hosiana anakiri kwamba alilia. "Mtu wa miaka ishirini na saba, amebeba maiti asiyoijua jina."

Akamuuliza kwao hasa ni wapi. Kijana akasema amesikia tu kwamba baba yake alitoka Songwa.

*

Katika miaka kumi na moja Hosiana hakuwahi kuomba ruhusa. Safari hii aliomba siku tatu. Duara zima likajiuliza ni nani atakayeita majina. Akamkabidhi kauntabuku Damian.

"Mimi?" Damian aliuliza.

"Wewe ndiye unayejua uzito wake."

Walipanda basi asubuhi, yeye na Maziku, wakapita Kahama hadi Shinyanga mjini, kisha pikipiki mbili kwenda Songwa. Mtama ulikuwa umesimama pande zote, na upepo ulipopita, shamba lote liliinama na kuinuka taratibu. Maziku anasema njia nzima alikuwa kama mtu anayeota na anajua anaota. Kila kichaka alikiona kama alikwishakiona.

Kumpata ndugu wa baba yake Maziku hakukuwa kazi. Hosiana aliuliza nyumba tatu tu. Bibi Zipora, shangazi wa kijana, ana miaka 76. Walimkuta amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe uani, anakata viazi vitamu vipande vya kuanika michembe.

"Mwadila, mayu," Hosiana alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila," alijibu bibi, macho yamemruka na kutua kwa kijana aliyesimama nyuma. Kisu kikasimama. Akamtazama, kisha akasema: "Arobaini na mbili."

Hawakuelewa. Akawakalisha, akawapa maji, akaendelea kukata viazi maana jua halimngoji mtu, na huku anakata akawaeleza. Hosiana aliyaandika yote kwenye daftari la mjukuu wake, na hapa tunayaweka kama alivyoyasoma.

"Ilikuwa mvua ile ya elnino. Baba yetu alikufa kwa uzee, amelala, hana deni na mtu. Makaburi ya ukoo yako ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Wanaume wakafunga kamba mti huku na mti kule, tukavuka tumeshika. Kaka yangu mkubwa akasema tuhesabiwe, asije mtu akaliwa na maji tusijue. Marehemu hatukumhesabu, alikuwa amebebwa. Tulivuka watu arobaini na mmoja.

"Suzana, mama yako, alikuwa na mimba ya miezi minane. Tukamkataza. Akasema, mkwe wangu alinipenda, nitamwaga udongo wangu. Basi. Udongo uko nusu, akashika kiuno. Tukavua kanga, tukamzungushia palepale. Wanaume wakageuka, wamesimama na makoleo kwenye mvua wametugeuzia migongo. Halafu ukalia wewe.

"Tukarudi mtoni. Kaka anahesabu. Arobaini na mbili. Akakasirika, akasema mmechanganyika, simameni vizuri. Akahesabu tena. Arobaini na mbili. Mara ya tatu mimi nikafunua kanga nikamwonyesha. Yule mzee alikaa chini kwenye tope akacheka, siku aliyomzika baba yake. Tulicheka sote. Hata wanaolia walicheka.

"Jina nilikupa mimi. Nilisema aitwe Maziku, ili watu wasisahau mazishi yaliyoturudisha nyumbani tumeongezeka. Ng'wanone, mwanangu, ulikuwa wapi siku zote?"

Hosiana anasema Maziku alichukua kisu mkononi mwa shangazi yake, akakaa kwenye ngozi, akakata viazi vyote vilivyobaki.

*

Walirudi Nyarugusu siku ya tatu, saa kumi jioni, vumbi hadi kwenye nyusi. Damian alimkabidhi Hosiana kauntabuku kwa mikono miwili. Alikuwa ameita majina jioni mbili, na kila jioni, wenzake wanasema, alishuka mwenyewe hadi nusu ya ngazi kuhakikisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kugusa ngazi ile baada ya miaka saba.

Jioni hiyo Hosiana aliita watu wote 42 waliokuwa wameshuka. Visa vikaja vyote, vya mvua na vya ng'ombe. Kisha, badala ya kufunga kitabu, akapaza sauti na kuita:

"Maziku!"

Watu waliokuwa wameshaanza kuokota mashati wakasimama. Kijana alikuwa ameegemea karasha. Akajitenga nalo.

"Walivuka mto watu arobaini na mmoja kwenda kumzika babu yangu," alisema. "Waliporudi walihesabiwa mara tatu. Kila mara hesabu ikawa arobaini na mbili."

Mihayo akamtazama Hosiana, akamtazama kijana. Alionekana, kwa maneno ya Denis, kama mtu anayehesabu kwa vidole ndani ya mfuko.

"Rudia," akasema Mihayo. "Walikwenda wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Makaburini."

"Makaburini."

"Na walirudi wamezidi."

"Mmoja. Mimi."

Mihayo akavaa kofia yake, akaivua tena. Wachimbaji wana hofu zao, lakini pia wana akili ya kutambua bahati ikipita mbele ya macho. Katika kazi yao hesabu ya jioni inajulikana kwenda upande mmoja tu. Hakuna aliyewahi kusikia ya kuzidi.

"Kesho," alisema Mihayo, "huyu ashuke na mimi. Na Mama, tunaomba kitu kimoja. Jina lake liwe linaitwa la mwisho. Tutoke nalo."

Ndivyo ilivyo hadi leo. Jioni ambayo mwandishi yuko pale, vibao vinahama kimoja kimoja, na watu ambao mchana kutwa wamekuwa gizani wanakaa kwenye mawe wanasikiliza siku walizozaliwa. Mwanga umekuwa wa njano, kisha wa rangi ya chai. Mwishoni linaitwa jina la Maziku, na anapojibu, watu kadhaa wanatamka pamoja naye, bila sauti: arobaini na mbili.

Hosiana anasema ndoto yake imebadilika kidogo. Majina bado yanatoka shimoni yamelowa, bado anayahesabu, lakini siku hizi haamki kwa kushtuka.

Mwakani atatimiza miaka 59, na mwaka unaofuata anataka kurudi Songwa. Kiwanja anacho, bati zimebaki kumi na nne. Kauntabuku atamwachia Damian, ambaye sasa kila Jumapili baada ya misa anajifunza kuandika vizuri herufi kubwa. Ameanza na M, kwa sababu ndiyo yenye kazi.

Lakini hataondoka, anasema, na kibao kimoja bado kiko kushoto. Kila jioni, baada ya Maziku, anapoona watu wanakwenda mtoni, huita jina moja zaidi kwa sauti ile ile inayoshuka vizuri shimoni. Kisha husubiri.

Mwandishi alimpelekea Masalu kisa cha mto na kamba, pale kibandani kwake. Alisikiliza huku ameshika bisibisi, hakuigusa redio hadi mwisho.

"Mara tatu?" aliuliza. "Mara zote tatu ilizidi?"

Akacheka peke yake. Kisha akaushusha mguu wake mbovu kutoka kwenye kiti, akausimamisha chini, akautazama. "Mwambie Mama Ezekiel," alisema, "asimpe mtu mwingine msumari wangu."

Salamu hizo Hosiana alizipokea akiwa amekaa kwenye ndoo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Mimi sitaki dhahabu yoyote kwenye shimo hili," alisema. "Ninangoja jioni moja tu. Washuke arobaini na watatu, niwaite wote waitikie, kisha niite Masalu na nisikie sauti yake mwenyewe kutoka njiani. Nitawasimamisha wote, niwahesabu tena. Mara tatu. Na nitakuwa nimekosea mara zote tatu."